Panki

Barua ilisema nimepunguzwa.
Neno lenyewe nalijua, limenilisha miaka kumi na mmoja:
kupunguza ngozi, kupunguza mafuta mekundu ya ubavuni,
kupunguza na kupunguza mpaka mnofu ulale mezani
mweupe kama shuka la hospitali.
Sikujua kumbe mnofu nao husikia.

Tulikuwa thelathini na wanane.
Bwana Lugoye alisoma majina kwa mpangilio wa herufi,
akakwama kwenye langu, Ng'wigulu,
akalirudia taratibu
kama anayeomba radhi kwa matamshi tu.
Nikavua buti nyeupe. Namba thelathini na tisa.
Mguu wangu ni thelathini na saba.
Miaka yote ile nilishindilia gazeti vidoleni
na sikumwambia mtu.

Wiki ya kwanza nilinuka sangara bado.
Ya pili, limao na sabuni ya mche vikashinda.
Ya tatu, Budeba mwanangu alinusa kiganja changu
akasema: Mama, unanukia kama mgeni.

Pale Mabatini, binti wa stesheneri
ananiandikia wasifu, vidole vinangoja juu ya kibodi.
Elimu? Darasa la saba, Magu.
Uzoefu? Kisu.
Anaandika: usindikaji wa samaki.
Ujuzi mwingine? Nafikiri.
Kusimama saa kumi bila kuegemea.
Kujua, kwa ubaridi wa ngozi tu,
samaki amelala siku ngapi barafuni.
Kulia bila kugusa macho, maana glavu ina klorini.
Anaandika: mchapakazi, anamudu shinikizo.
Nakala tano. Elfu mbili na mia tano.

Nimezipeleka Ilemela, Nyakato, Nyegezi,
hata hoteli moja ya Capri Point
ambayo zulia lake lilivisuta viatu vyangu.
Tutakupigia, wanasema. Wote wana simu, nadhani.
Mlinzi wa Nyakato alinirudishia bahasha mkononi:
Mama, usiipoteze hii. Humu ndani wanafungia maandazi.
Nje ya geti lake kongoti walisimama,
makoti meusi, vipara vimeinama,
kama waombaji waliotangulia kufika.
Nikapanga foleni nyuma yao.
Nilicheka, peke yangu, barabarani,
mara ya kwanza tangu Machi.

Nyumbani Igogo mtandao unashika mahali pamoja tu,
juu ya jiwe lile nyuma ya choo.
Naiacha simu pale kama anayeanika dagaa,
nikiwafukuza kuku.

Jioni nashuka kwa muuza mapanki.
Beseni zima limetoka kiwandani kwetu:
kichwa, uti wa mgongo, mkia,
kile ambacho kisu hakikukitaka.
Zamani nilikuwa upande wa kisu.
Nageuza moja moja. Mikono naitambua.
Huyu alikata kwa hasira.
Huyu mgeni, katoboa tumbo.
Hili la Nyamizi, safi mno, hata paka angesikitika.
Halafu hili.
Ubavuni, chini ya pezi,
mnofu wa upana wa vidole viwili umeachwa.
Ukingo umenyooka, haukutetereka,
kama mtu aliyefika pale,
akatulia,
akainua kisu.

Leokadia hakosei.
Miaka tisa meza moja, sijamwona akikosea.
Na kule kila gramu ina macho.

Nanunua hilo, na mengine mawili yanayofanana nalo.
Una jicho, anasema muuzaji.
Nahesabu chenji.

Sufuria inachemka. Budeba anachokonoa mbavu,
ananitazama: Mama, hili lina nyama!
Kula, namwambia, kula na kwenye mfupa.
Huko nje, juu ya jiwe, kitu kinalia.
Ni simu, au ni kuku.
Namalizia kwanza tonge langu.