Vitunguu Visivyouzika

Nsimire haji sokoni Kadutu kununua vizuri.
Anataka vile vilivyochipua ndani ya gunia,
vile wateja wanavigeuzageuza kisha wananirudishia
kwa ncha za vidole, kama nimewapa panya.
"Nipe hivyo, yaya. Hivyo vimeamka."

Nilimsomesha kwa vitunguu.
Leo ni daktari asiye na mgonjwa:
ana chumba cha juu kule chuoni, dirisha linatazama ziwa,
na vikombe vitatu vya chai visivyo na chai.
Kila kikombe kitunguu kimekikalia mdomoni,
mizizi inaning'inia majini, myeupe, haina haraka.

Asubuhi anaikata, ncha tu, kipande kama punje ya mchele.
Anaipasha moto katika asidi, anaipaka rangi nyekundu,
anailaza kioo juu, kioo chini,
kisha anaibonyeza kwa kidole gumba
polepole, kama mtu anayeua chawa kanisani.

Siku ile umeme ulikuwa umekatika.
Akageuza kioo cha hadubini kuelekea dirishani,
ziwa likatuazima mwanga.
"Tazama."
Niliona ukungu. Niliona kope zangu mwenyewe.
Halafu vyumba,
vimebanana kama nyumba zetu za mlimani, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule,
na ndani ya kimoja, vijiti vyekundu
vimejipanga katikati
kama madumu kwenye foleni ya maji.

"Nani anavipanga?"
"Nyuzi. Mikrotubuli."
"Sizioni."
"Hata mimi, kwa chombo hiki, sizioni.
Ninazijua kwa kile zinachovuta."

Akasema: uzi unaanzia pembeni, unarefuka gizani, unapapasa.
Hauna macho. Haujaambiwa kijiti kiko wapi.
Ukikosa, unabomoka,
tofali kwa tofali,
na tofali zilezile zinajenga uzi mwingine, upande mwingine.
Nao ukikosa, unabomoka.
"Ndiyo njia yake ya kutafuta, yaya. Kukosa."

Sikumjibu.
Nilikuwa nimerudi usiku ule mlima uliposhuka na mvua,
mikono yetu ndani ya tope hadi kiwiko,
tunaita, tunanyamaza, tunasogea hatua mbili,
tunaita.

"Na kijiti kimoja kisiposhikwa?"
"Seli inangoja. Vingine vyote viko tayari,
lakini inangoja kile kimoja."

Kikombe cha tatu ametia dawa inayoyeyusha nyuzi.
Huko vijiti vimetawanyika ovyo, hakuna foleni,
na kila seli imesimama palepale inangoja.
"Hadi lini?"
"Nyingine hadi kufa.
Nyingine huchoka, zinajifunga tena bila kugawanyika,
zinaendelea kuishi na mzigo mara mbili."
Ana daftari lenye mistari miwili. Waliongoja. Waliochoka.
Anahesabu kila siku, hadi macho yanatoa machozi,
na wazungu wa jarida wanamwandikia: hesabu zaidi.

Mama bado anapakua sahani ya Bisimwa.
Miaka kumi na moja. Bugali na sombe, anafunika kwa kitambaa,
asubuhi anawapa kuku.
Sikumuuliza Nsimire angemwandika mstari gani.
Nadhani anajua kwamba nilitaka kuuliza:
alifuta kioo cha hadubini ambacho hakikuwa kichafu.

Jioni hunirudishia vitunguu, vimenyolewa mizizi.
Nakaanga. Havina tofauti yoyote, jirani wanasifu mchuzi.
Cha kikombe cha tatu hanipi.
Anakifunga ndani ya karatasi, anakichoma mwenyewe
nyuma ya chuo, anasimama hadi kiwe majivu,
kisha anashuka Kadutu, viatu mkononi, matope hadi vifundoni:
"Yaya, vilivyoamka vipo?"
Vipo.
Ila hiki chenye mizizi mirefu, nikamwambia,
leo unanilipa bei kamili.