Jibu la Barua ya Michuano

Kila mwaka, mvua za Mei zikikaribia kukatika,
inafika barua yenye mhuri wa duara:
vyuo vyote vya Bukavu vinaalikwa,
wachezaji kumi na wanane, jezi za rangi moja, na ada.
Na mimi, Nsimire, katibu wa chuo cha wapima ardhi
huku juu Kadutu, naandika jibu lile lile:
Tunashukuru. Hatuna timu.

Ningetaka kuongeza: hatuna hata tambarare.
Ua wetu umelala kama paa la bati.
Mpira ukiponyoka hapa
unampita muuza makala, unaruka mfereji,
unakwenda kuuliza bei ya sambaza sokoni.
Wanafunzi sitini na mmoja. Teodoliti moja.
Anayetaka kukimbia, akimbilie zamu yake.

Ila mwaka ule Zihalirwa alininyang'anya kalamu.
Andika tunakuja, mama. Mara moja tu.
Wakapatikana tisa, na mlinzi, na mwalimu wa hesabu
aliyevua miwani akanikabidhi
kama mtu anayekwenda kuoga ziwani.

Tulifungwa kumi na moja.
Sifuri yetu ilikuwa duara kamili, haina kasoro.
Wenzetu walikuwa na ngoma na maji ya chupa;
sisi tulikuwa na Nabintu, akakauka sauti mapema.

Mapumziko, wengine wakinyonya machungwa,
Zihalirwa alipiga magoti langoni
na uzi, na pimamaji aliyoificha kwenye soksi.
Uwanja umeinama, alisema. Sentimita arobaini, lango hadi lango.
Tulikuwa tunapanda. Sasa tutashuka.

Tukashuka.
Saba kati ya yale kumi na moja
yaliingia tukishuka.

Njiani, kwa miguu, hakuna aliyelia.
Walibishana juu ya zile sentimita arobaini
hadi giza likaingia na umeme usirudi,
na mwalimu, miwani yake bado mkobani mwangu,
akajikwaa mara mbili bila kuacha kukokotoa.

Siku hizi Zihalirwa yuko Panzi,
anawagawia viwanja ndugu waliokosana.
Nasikia bado hajafuatwa na mtu mwenye panga.
Kabati letu la vioo halina kombe;
lina karatasi moja, mchoro wa uwanja wa watu,
mishale ya mteremko kwa wino mwekundu.

Barua ya mwaka huu iko mezani.
Tunashukuru, naandika. Hatuna timu.
Halafu, chini ya sahihi, kwa herufi ndogo:
uwanja wenu, mmeshaunyoosha?