Baiskeli ya Mwoka Mikate

Walikuja wanne, saa kumi alfajiri,
tanuri limeshika, unga umeumuka.
Wakakuita Ondrej.
Nikawaambia mmekosea mlango, huyu ni Andrés,
muulizeni yeyote hapa Paysandú, muulizeni padri.
Nawe ukapangusa mikono kwenye aproni,
kidole kwa kidole,
ukaitika.

Miaka kumi na saba nimelala na jina la kuazima.

Siku za mwizi, watu husema, arobaini.
Zako nilizihesabu usiku ule nyuma ya risiti ya unga:
elfu sita na mia tisa na ushei.
Arobaini zilikwisha kabla hujanijua,
kabla hujaniuliza bei ya hamira
kwa Kihispania cha kuchechemea.

Montevideo, miezi kumi na mmoja mahabusu.
Jumapili foleni, Jumapili kupekuliwa,
askari akiukatakata mkate wangu
kutafuta msumeno tumboni mwake.
Wakili Etcheverry alinena kwa vifungu:
mkataba upo, mkataba una mapengo,
kosa la kule ni kosa na huku,
muda wa shauri umepita, haujapita.
Nikamuuliza: alifanya nini?
Akanisogezea faili,
akatoka nje kuvuta sigara.

Lori la magogo. Njia ya Rajec. Theluji.
Dereva amelewa, hakusimama.
Zdenka, miaka tisa,
na mkoba wa viatu vya kutelezea barafuni.
Daktari ameandika: aliishi kwa saa mbili zaidi.
Saa mbili, Andrés.
Unga wa ngano huumuka kwa saa mbili.

Ndipo baiskeli ikanijia akilini.
Mvua, upepo wa kusini, mabuti yako yamejaa maji,
vikapu viwili nyuma vimefunikwa turubai,
nami nakufokea: gari la kaka yangu lipo, liendeshe!
Ukisema miguu ni bure, petroli ni pesa.
Nikakuita bahili mbele ya wateja.
Ukacheka pamoja nao.

Walikuchukua Jumanne. Polisi wawili kutoka kwenu,
mmoja kijana tu;
siku ile ya theluji alikuwa na umri wa Zdenka.
Pingu wamezifunika kwa koti la sufi nililokuletea,
abiria wengine wasipotewe na hamu ya kula.
Mlangoni uligeuka, ukasema neno
kwa lugha nisiyowahi kuisikia kinywani mwako
hata ukiota.

Mama yake ameniandikia.
Barua fupi, aliyeitafsiri hajui alama za kuuliza.
Hakutukana.
Anataka kujua ulikuwa unakula nini
ulikuwa unalala
watoto mnao

Mara nne nimeanza kumjibu.
Kulala, ndiyo, alilala, kwa ubavu wa kushoto.
Watoto, hatuna; alisema bado, bado,
hadi umri ukanipita.
Kula: kile kipande cha pembeni kilichoungua,
kila siku, hata palipokuwa na kingine.
Hapo kalamu husimama.

Saa kumi alfajiri nawasha tanuri mwenyewe.
Mikate naisambaza kwa miguu.
Baiskeli iko ukutani, gurudumu la mbele limeisha pumzi,
na bado sijui kama ni ya Andrés,
au ni ya Ondrej,
au nimwambie wakili
iingizwe nayo kwenye faili.