Viungo

Bosi alisema tovuti yetu imezama,
ukiitafuta unaikuta ukurasa wa nne,
na ukurasa wa nne, alisema, ni makaburi ya Lang'ata,
hafiki mtu ila kwa kulazimika.

Basi nikaandika orodha. Neno upande huu,
ukurasa upande ule, mara mbili kwa kila habari,
isizidi, injini ya kutafuta isije ikatuona walafi.
"Maji" yaende kwenye matangi ya lita elfu.
"Nyumba" iende Ruaka, vyumba viwili, lifti ipo.
"Safari" iende kwa tiketi za treni.
"Kulala" na jamaa zake wote, amelala, walilala,
waende kwa magodoro; mwenye magodoro alikwisha lipa.

Nikabofya. Ghorofa ya tatu, Barabara ya Kirinyaga,
chini yetu mafundi wakinyoosha bodi za magari kwa nyundo,
na juu, kurasa elfu kumi na moja
zikashikana mikono kabla chai haijapoa.
Lekishon akapiga makofi. Bosi akaagiza sambusa.

Jumanne likaja tangazo la kifo.
Bi. Rasoa Kageha, muuza viungo wa Gikomba,
aliyekuwa akinifungia iliki ya shilingi kumi
katika kipande cha gazeti, akaongeza punje mbili,
"za njiani."
"Amelala," waliandika wanawe. Buluu, mstari chini.
"Safari" yake ya mwisho. Buluu.
"Nyumba" ya milele: Ruaka, lifti ipo.

Kitabu cha maelekezo kinakiita kiungo.
Kwake kiungo kilikuwa mdalasini,
na kwa daktari wake, goti la kushoto.
Mtambo haukukosea. Ulitii,
na sikuona pa kuielekeza hasira.

Nikabaki usiku. Nikalitoa tangazo lile mtegoni,
kisha yote ya kundi lake, yaliyopita na yajayo:
vifo, usiguse.
Hapo ningezima taa niende zangu.
Lakini nililitafuta jina lake humo humo mwetu,
likatoka mara moja tu, habari ya aya tatu,
asubuhi baada ya moto wa soko:
muuzaji mmoja, Kageha, anapika chai ya tangawizi,
sufuria baada ya sufuria, hamtozi mtu,
mizani yake imeyeyuka, anapima kwa kiganja.

Nikachomeka mstari katika orodha ya bosi,
kati ya "godoro" na "kodi":
"Kageha", nenda pale.
Kwenye tangazo lake lenyewe hautaonekana,
nimeshafunga mlango kwa mkono wangu.
Hakuna aliyeulipia. Sikumwambia hata Lekishon.

Mwezi wa tatu nikahariri habari ya Huruma,
shule imepata mfereji, picha ya watoto foleni,
na wa mbele, aliyekinga viganja, ni Kageha, miaka saba.
"Maji": matangi ya lita elfu.
"Kageha": buluu, mstari chini.

Nikasimamisha kipanya juu yake.
Sijui kama wana udugu. Najua Wamaragoli
hawaliachi jina lizikwe na mwenyewe,
wanamtafutia mtoto wa kulibeba.
Mtambo hayo hauyajui. Unajua herufi sita
na mahali pa kuzipeleka.

Nikarekebisha koma moja, nikachapisha.