Karanga za Mama Tumwitike

Tulijaribu zawadi, tukajaribu fimbo.
Kabati la vitabu, hapa shuleni Kiwira,
likabaki na panya, ndio wasomaji wake.

Ndipo Mama Tumwitike, muuza karanga,
akaanza kunakili hadithi kwa mkono,
kila ukurasa akausokota kama pembe ya mbuzi,
akajaza karanga za shilingi mia.

Gwamaka akatafuna, akasoma:
*fisi kafika mlangoni, kitasa kinacheza*
karatasi ikaishia hapo.

Kesho yake, mvua ya Rungwe haina huruma,
foleni. Wengine hata njaa hawana.
“Mama, nipe ile yenye mlango.”

Mwisho wa hadithi hauuzi.
“Uko kabatini kwa mwalimu, rafu ya chini,”
anasema, akipepeta maganda.

Nami natafuta mafuta ya taa
nilainishe kufuli.