Bua la Gizani

Miezi saba nilikula kwa adabu.
Kila Jumapili Doreen aligonga mlango wa nyuma,
bakuli limefunikwa kitambaa cha sahani,
harufu ya tufaha na mdalasini ikimtangulia,
nami nikapokea kwa mikono miwili.
Nilikula. Nilikwangua. Nilisema: tamu.

Usiku nililala chooni,
shavu kwenye vigae vya Wakefield,
tumbo limetuna kama andazi kwenye mafuta.

Mficha maradhi, kifo humuumbua.
Mimi niliumbuliwa na mngurumo tu,
kwenye foleni ya posta, watu kimya.

Harjit wa idara ya lishe
akapiga mstari katikati ya karatasi.
Huku waliopewa talaka:
tufaha, pea, pichi, tikiti, embe, asali,
ngano nayo, na maziwa ya ng'ombe.
Huku waliobaki ndoani:
chungwa, nanasi, zabibu kwa hesabu,
ndizi yenye ukijani bado shingoni,
mimi niliyelelewa kungoja ndizi ipige madoa!
Baadhi watarejewa, alisema,
mmoja mmoja, kwa kijiko.
Na tende? Niliuliza kwa sauti ya mtoto.
Tuone baadaye. Labda moja.
Nikashukuru: moja nayo ni witiri.

Jumapili ikafika, na bakuli lake.
Kiingereza changu kina neno la tumbo,
hakina neno la haya.
Doreen, nikasema, kinaniumiza.
Tangu lini?
Tangu Juni.
Akalitazama bakuli, akanitazama mimi,
akacheka hadi akashika ukuta.
Marehemu Clifford, akasema,
miaka thelathini alimpa mbwa keki yangu chini ya meza.
Mbwa alikufa mnene.

Akanipeleka nje ya mji, kwenye banda refu
lisilo dirisha wala taa,
mishumaa imechomekwa ardhini,
wachumaji wameinama wakinong'ona.
Nyamaza, akaniambia, sikiliza.
Tak.
Tak.
Rubarbu likivua maganda yake, likirefuka gizani.
Si tunda, ni bua,
ila huku wamelipa cheo cha tunda,
jekundu kama hina ya siku ya pili.

Tulilikata jikoni kwangu,
tangawizi, ganda la chungwa,
sukari bila huruma maana lina ukali wa mama mkwe.
Juu yake oti mahali pa unga,
na kastadi ya maziwa yasiyo na laktosi.
Nikapima kikombe kimoja, kama dawa.

Usiku niliamka saa nane, kwa mazoea,
nikakaa kitandani nikisikiliza.
Hakuna kitu.
Nikarudi kulala.

Sahani ya jirani hairudi tupu.
Jumatatu nilimpelekea bakuli lake
na mkate wa kumimina, mchele na nazi,
iliki niliyoitwanga mwenyewe.
Akauma. Akatafuna polepole.
Tamu, akasema.

Nikamtazama sana.