Paa Moja

Ada ya mwaka ni dola mia moja thelathini na tisa.
Nimeiandika nyuma ya bahasha ya bili ya umeme,
nikaikata mara nne kama mkate:
mimi, kaka yangu Verlyn, mama,
na Renae, aliyekuwa mke wa Verlyn.
Talaka ilimtoa Renae kitandani, ikamtoa kwenye bima,
ikamsahau kwenye kikapu chetu cha mtandaoni.

Thelathini na nne na senti sabini na tano kila kichwa.

Fargo imezama kwenye theluji hadi magotini.
Gari la mizigo limepita asubuhi
likaniachia sanduku la Verlyn, la tatu mwezi huu,
maana Verlyn hajui kubadili anwani
wala hajui kulipa.
"Ijumaa," huniandikia.
Ijumaa zake hazina Alhamisi.

Renae hulipa siku ileile, bila salamu,
dola thelathini na tano kamili.
Senti zinazozidi hajawahi kuzidai.
Najua paka wake aliugua: niliona dawa za figo,
kisha mwezi mzima
mchanga wa paka haukuagizwa.
Sikumpa pole. Ningesema nimejuaje?

Hayo hayamo kwenye masharti tuliyoyakubali bila kusoma,
kwamba utauona mfuko wa mwenzio ukifunguka
na utapaswa kutazama pembeni.

Na mama.
Ardis, miaka themanini na moja, yuko Bemidji,
saa mbili na nusu kwa gari kama barabara imepalizwa.
Huagiza kama anayeonja mchuzi:
reli moja ya uzi wa buluu, Jumatatu.
Sindano, Jumatano.
Balbu ya jokofu.
Sanduku linalotosha buti za askari,
ndani yake vifungo sita.

"Mama, kusanya, uagize vyote pamoja.
Mwonee huruma dereva."
"Kuleta si ni bure?"
"Ni bure."
"Basi."

Kila akibonyeza yeye, huku simu yangu hutetemeka.
Nampigia. "Umenunua uzi."
"Ah, umeona?" Na sauti yake huvuta kiti.
Uzi tunaumaliza kwa dakika mbili.
Saa nzima inayobaki ni goti lake, ni kwaya ya kanisa,
ni jirani Duane aliyeteleza akizoa theluji
akalala pale akitukana hadi mkewe akasikia.

Sasa kampuni imeniandikia,
kwa upole wa daktari wa meno aliyeficha koleo:
kuanzia Machi, familia ni wale
wanaolala chini ya paa moja.

Paa moja! Tulikuwa nalo.
Baba aliliuza pamoja na nyumba iliyokuwa chini yake.

Nikarudi kwenye bahasha.
Mama, mwaka jana: oda tisini na moja,
kila moja imenifikia kwa jina na saa yake.
Nimejumlisha, nimetoa, nimegeuza bahasha upande wa pili.
Akijilipia peke yake, hasara.
Nikimlipia mimi, hasara ileile imehamia Fargo.
Nikampigia kumweleza, taratibu,
kama mtu anayebeba sahani zisizo zake.

"Ifute," alisema, haraka,
kama anayezima taa ya stoo.
"Uzi nitaupata dukani. Duane akipona atanipeleka."
Kisha kimya. Nikasikia jokofu lake likinguruma,
balbu mpya ndani.
"Marlys, na simu?
Siku hizi kupiga simu ni pesa ngapi?"

"Ni bure, mama."

"Basi."

Bahasha bado iko mezani. Hesabu hiyo sikuiandika.
Sanduku la Verlyn liko mlangoni, limelowa pembe moja.
Leo ni Ijumaa.